Jina la Mwenye Nyumba

Wanaosema mji mpya wa Mileto ni mzuri wasije kuniambia mimi. Najua ni mzuri, macho ninayo. Barabara zimenyooka kama nyuzi kwenye kitanda cha kufumia, nyumba zote zinalingana, jua halimpendelei tajiri wala kumnyima maskini. Wageni wanakuja kutoka Samo na Athene kuutazama tu. Wanasimama njia panda, wanatikisa vichwa, wanasema kumbe mji unaweza kufikiriwa kwanza kichwani ndipo ujengwe! Haya. Lakini mimi nilizaliwa katika mji ule wa zamani, wa vichochoro, na nina langu la kusema. Asiyetaka kunisikiliza, mlango ule pale.

Kwanza mjue jambo moja, maana bila hilo hamtaelewa kitu. Sisi wanawake wa Mileto hatukuwa tukila na waume zetu, wala hatukuwaita kwa majina. Si ubishi wetu, tulirithishwa. Wanaume wa kwanza waliokuja kuujenga mji huu walikuja bila wake. Wakawaua wenyeji wa Karia waliowakuta hapa, kisha wakawaoa binti za hao hao waliowaua. Hebu fikiria harusi hiyo. Wale binti wakaapa: tutawapikia, tutawazalia, lakini bakuli moja hatuli nanyi, na majina yenu hayatatoka vinywani mwetu. Wakawaapisha binti zao, nao wakawaapisha wa kwao, mpaka kiapo kikamfikia mama yangu, na mama akaniapisha mimi nilipovunja ungo, mkono wangu juu ya mafiga ya jikoni kwetu.

Kwa hiyo mume wangu nilimwita Baba Rode, kwa jina la binti yetu. Kabla Rode hajazaliwa nilimwita "wewe".

Alikuwa mmoja wa watu wa kuuliza. Mileto ilijaa watu hao. Katika miji ya wenzetu ukipita sokoni unasikia bei ya samaki. Kwetu ulisikia watu wazima, wenye mvi, wanagombana kama dunia inaelea au imening'inia. Mzee mmoja wa zamani alikuwa amesema kila kitu asili yake ni maji, mwingine akasema ni hewa, na watu walishika pande kama wanaoshangilia mieleka. Mume wangu alisimika kijiti katikati ya ua, akawa anapima kivuli chake tangu asubuhi mpaka jioni. Ole wako uanike sufu karibu na kijiti hicho.

"Mama Rode," ananiambia, "unajua kivuli kikiwa kifupi kabisa, kila siku kinaelekea upande ule ule?"

"Ninachojua mimi, sufu yangu bado mbichi na wewe umekaa penye jua."

Chakula alikula chumba cha wanaume, na mimi jikoni, upande wa pili wa ukuta. Katikati kulikuwa na mlango wenye pazia. Basi huku anatafuna, huku ananisemesha kupitia pazia, kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia.

"Mke wangu! Mimi naitwa nani?"

"Wewe ni wewe."

"Huyo wewe hana jina?"

"Analo. Kamuulize mama yake."

Anacheka mpaka anapaliwa. Siku moja tu aliuliza bila kucheka. Akasema, "Hebu nieleweshe. Nani aliapa?" Nikamjibu, bibi zetu. "Kwa kosa la nani?" La babu zenu. "Mimi nimemuua baba yako?" Nikamwambia, baba yangu yuko sokoni anauza vitunguu, na wewe wajua. "Basi sasa?" Nikamwambia, basi kula, chakula kinapoa. Hakuniuliza tena kwa namna ile, wala hakunilazimisha hata siku moja, na wanaume wa kulazimisha walikuwepo. Nilimpenda mtu yule. Nalisema waziwazi kwa sababu wakati ule sikuwa na neno la kulisemea.

Kisha wakaja Waajemi. Sitawasimulia hayo, wapo wengi wanaopenda kuyasimulia. Wanaume wetu waliuawa, mji ukachomwa, sisi wanawake na watoto tukaswagwa kama mbuzi mpaka mashariki ya mbali, kule mto Tigri unakoingia baharini. Niliambiwa mume wangu alifia juu ya ukuta wa bandarini. Mimi sikumwona. Rode wangu alikufa njiani, kwa homa, nikamfukia kando ya barabara nisiyoijua.

Katika kamba ile tuliyofungwa, aliyekuwa mbele yangu alikuwa mwanamke mkubwa, mabega mapana, anaitwa Aba. Alitoka mtaa wa ng'ambo ya mji, hatukuwa tukijuana. Nilipoanguka baada ya kumzika Rode, yeye ndiye aliyenivuta. Hakunipa pole. Alisema, "Inuka, mdogo wangu, unanikaba." Tangu hapo tukawa kitu kimoja. Huko utumwani tulifuma mchana kutwa, jioni tukala bakuli moja, sisi wanawake wa kiapo. Tulikuwa kundi kubwa. Tukapungua, tukapungua, mpaka siku moja bakuli lilikuwa na mikono miwili tu, wake na wangu.

Aba alikishika kiapo kuliko sisi sote. Mwanamke akijisahau usiku, akamtaja mumewe marehemu katika ndoto, asubuhi Aba anamsogeza pembeni. "Leo utakula peke yako," anasema. Hana utani kabisa. Mume wake mwenyewe alimwita "mwenye nyumba", basi. Nilijua alikuwa mtia rangi wa sufu, kwa sababu alisema mikono yake ilikuwa ya zambarau hata Aba alipoiosha kwa ajili ya maziko ya mama yake. Zaidi ya hapo sikujua chochote.

Waajemi waliposhindwa vitani karibu na kwetu, tulirudi. Njia ndefu, tulienda na wafanyabiashara, tukifua na kupika kulipia nafasi yetu. Na tulipofika, Mileto hakuna. Majani mpaka kiunoni, mawe meusi, mbuzi wa mtu wanakula mahali palipokuwa hekalu. Na katikati ya majani hayo, wanaume wenye kamba na vigingi.

Nilitafuta nyumba yangu mpaka nikaipata. Niliyajua mafiga yangu. Nilikuwa nimeyakalia, natazama nyasi, mara akaja kijana wa watu, mwenye ndevu nyekundu, anavuta kamba. Akanikuta nimekaa katikati ya njia ya kamba yake.

"Shikamoo mama. Samahani, utasogea kidogo?"

"Marahaba. Sisogei. Hapa ni kwangu."

"Hapa itapita barabara, mama."

"Ya kwenda wapi?"

"Kutoka bandari hii mpaka bandari ile. Moja kwa moja."

"Nani ana haraka hiyo?"

Akacheka. Aliitwa Eudemo, mpimaji. Alizaliwa Sinope, kule kwenye miji ambayo watu wa Mileto waliijenga kwenye Bahari Nyeusi. Babu yake alikuwa wa kwetu, na sasa wajukuu walikuwa wamerudi kuujenga upya mji wa mababu. Akachuchumaa, akanieleza. Hakuna atakayerudishiwa mahali pake pa zamani. Mji wote utagawanywa viwanja sawa, na viwanja vitapigiwa kura. Nikamtukana kidogo. Akavumilia. Kisha akasema ngoja nikuonyeshe, akasimika kijiti, akangoja kivuli, akachora mstari mchangani kukifuata, akasema barabara zote zitaanzia kwenye mstari ule.

Jamani. Tangu tulipofungwa kamba mpaka siku ile sikuwa nimelia, hata kwa Rode sikulia, lakini niliona kile kijiti nikalia kama mtoto.

"Mama, nimekukosea?"

"Hujanikosea. Mume wangu angekuona angekukumbatia."

"Kumbe naye alikuwa wa mambo haya! Aliitwa nani?"

Nikanyamaza. Yeye akadhani ni uchungu. Akaniambia utaratibu: kila nyumba iliyochomwa ina haki ya kiwanja kwa jina la mwenyewe. Lakini lazima asimame mtu sokoni alitaje jina hilo, na jina la baba yake. Mtangazaji atalipaza mara tatu. Asipotokea wa kupinga, kigae chenye jina hilo kinaingia mtungini, kura inapigwa. Mjane atakaa katika kiwanja cha mumewe mpaka kufa. Jina lisilo na wa kulitaja, halina kiwanja, na mwenye kuachwa hivyo atakwenda kukaa jikoni kwa watu.

Nikarudi kwa Aba. Tulikuwa tumejisitiri mwisho wa mji, penye kipande cha ukuta kilichosalia, tumeegesha mikeka ya matete. Alikuwa anamenya kitunguu. Nikamweleza yote. Hakuinua uso.

"Usithubutu," akasema.

"Sasa tutakaa wapi?"

"Hapa."

"Mvua ikija?"

"Tutalowa."

"Aba dada yangu, si lazima utaje wako. Nitamtaja wangu mimi. Kiwanja kimoja kinatutosha wote wawili, tukae kama watu."

Ndipo akaniangalia. "Sikiliza, Melita. Tumekwenda mpaka mwisho wa dunia na kiapo hiki. Wametunyang'anya waume, watoto, viatu, kila kitu, hiki hawakuweza. Siku utakayotoa jina hilo mdomoni, mimi na wewe basi. Bakuli lako si langu."

"Kwa ajili ya ubishi tu ufe kwa baridi?"

"Nimesema."

"Na mwenye nyumba wako? Hutaki naye awe na mahali pake katika mji?"

Akageuka akatazama ukuta, akaendelea kumenya kitunguu ambacho kilikuwa kimekwisha kumenywa.

Sikulala vizuri siku zile. Fikirini mambo yalivyokuwa. Ndugu wote wa mume wangu wameuawa. Rafiki zake wa kubishana wameuawa. Mama yake niliyekuwa nikimtaja kwa utani alifia utumwani, mikononi mwangu. Katika ulimwengu mzima, jina la mtu yule lilikuwa limebaki kichwani mwa mtu mmoja tu, na mtu huyo ndiye peke yake aliyekatazwa kulitaja. Nikifa nalo, itakuwa kama hakuwahi kuzaliwa. Na kwa upande mwingine yuko Aba, mtu pekee aliyejua kuwa na mimi niliwahi kuwa na mtoto.

Siku ya kutaja majina ikafika. Nilikwenda. Aba alikuwa bado amejifunika mkeka, au alijifanya. Sokoni kumejaa watu, wengi wao wa Bahari Nyeusi, sauti kubwa, mashavu mekundu. Eudemo amekaa nyuma ya meza na mtungi. Zamu yangu ikafika.

"Karibu mama. Jina la mwenye nyumba?"

"Baba Rode."

Wakacheka nyuma yangu.

"La kwake mwenyewe, mama."

"Yule... yule mwenye kijiti. Mtaa wa mitini."

"Mama, mtangazaji hawezi kupaza hivyo."

Mwanamume mmoja nyuma yangu, tumbo mbele, akapaza sauti: "Mke gani hajui jina la mumewe? Huyu katoka milimani jana, anatafuta kiwanja cha bure!" Kicheko kikapasuka. Watu wa makoloni hawakuwa na kiapo. Bibi zao walikiacha hapa hapa walipopanda mashua. Wake zao wanawaita waume zao toka dirishani kama wanavyoita kuku. Eudemo aliniangalia kwa huruma, na huruma yake iliniuma zaidi kuliko kicheko. Nilifungua mdomo. Ulimi ukakataa. Nikageuka nikaondoka, na yule mwenye tumbo akanipisha kwa mbwembwe kama ananipisha malkia.

Aba aliponiona hakuuliza. Aliniona usoni akajua. Alinikatia nusu kubwa ya mkate wa shayiri, akaweka zeituni zote upande wangu. "Kula, mdogo wangu," akasema, kwa upole ambao sikuwa nimeusikia kwake. Nilimwangalia jinsi alivyofurahi nikamchukia, kisha nikajichukia kwa kumchukia.

Siku ya mwisho ya kutaja majina nikarudi. Sikumuaga. Safari hii watu walikuwa wachache, jua kali, mtangazaji ameegemea nguzo amechoka.

Eudemo akasema, taratibu, "Mama, ukitaka, ninong'oneze mimi tu."

"Hapana," nikasema. "Nikilisema nitalisema lisikike."

Nikalisema. Fanodiko. Fanodiko mwana wa Ermotimo. Sauti ilitoka ya ajabu, kavu, kama si yangu, na nililikosea mkazo, nikalirudia. Sijui nilitegemea nini. Labda radi. Mtangazaji akajinyoosha, akajaza kifua, akalipaza: Fanodiko mwana wa Ermotimo! Likaenda juu ya mawe na vigingi mpaka bandarini. Mara ya pili. Mara ya tatu nilijikuta natazama huku na huku, mimi mzee mzima, kana kwamba atatokea kwenye kona anafuta mikono, aseme, naam, nani ananiita? Hakutokea mtu. Hakupinga mtu. Eudemo akaandika kwenye kigae, akakitumbukiza mtungini, na jioni ile nikawa na kiwanja.

Nilirudi mbio kwa Aba. Nilidhani nikimwambia kuna mahali, kuna ua, kuna kisima karibu, atanitukana siku mbili tatu halafu aje. Nilimkuta amekwisha kuvigawa vitu vyetu. Mikeka yake huku, mikeka yangu kule. Bakuli letu, lile tulilotoka nalo mashariki, ameliweka juu ya vitu vyangu.

"Chukua," akasema. "Mimi sili humo tena."

"Aba, nimefanya kwa ajili yetu sote wawili!"

"Sikukutuma."

Nilimwomba. Nilimpigia magoti, na mimi si mtu wa magoti. Nikamwambia wale bibi waliapa kwa sababu ya watu waliowaua baba zao, na wangu hakuua mtu, alipima vivuli. Akasema, "Umemaliza?" Nikasema nimemaliza. Akajilaza, akajifunika.

Nyumba ikajengwa. Eudemo alinisaidia kupata mafundi, akanipangia ua upande unaopata jua wakati wa baridi. Nyumba safi, chumba cha wanaume na jikoni na ukuta katikati, kama nyumba nyingine zote za mtaani. Majirani wakawa watu wa Sinope, wema, wenye kelele. Na mimi ndani, peke yangu.

Sasa niwaambie juu ya hizi barabara zenu zilizonyooka. Katika mji wa zamani, mtu akikununia, kona tatu zinawaficha. Humwoni, hakuoni, mnaponea hapo. Huku hakuna kona ya kumficha mtu. Nikisimama mlangoni naona mtaa wote mpaka mwisho, mpaka kile kipande cha ukuta, mpaka mikeka ya Aba na moshi wa moto wake. Kila siku wakati wa kula nilimwona anakaa chini, mgongo kwangu, anakula peke yake. Naye akigeuka aliniona mimi. Mtu akija kwako unamwona tangu mbali. Asipokuja pia unamwona.

Nilimpelekea chakula. Nilikiweka kando ya mikeka, nikaondoka bila neno. Kesho yake nikakuta mbuzi wanakilamba. Nikapeleka tena, mbuzi wakanenepa.

Nyumbani nikajaribu kumwita mume wangu. Mbona sasa naruhusiwa? Nilikuwa nimeshavunja, nikaona nivunje kabisa. Nilikaa na bakuli langu katika chumba cha wanaume, mahali ambapo angekaa yeye, nikasema, "Fanodiko, chakula." Kimya. Nikasema, "Fanodiko, mimi naitwa nani?" Ah, nilijiona mjinga. Jirani akachungulia akauliza kama nina mgeni. Nikamwambia sina. Alipoondoka nililia, maana yule bwana alikuwa ameniomba neno lile moja tu maisha yake yote, na sasa ningeweza kumpa kila siku, na hayupo wa kulipokea.

Mvua za baridi zikaanza. Siku moja, mchana, mvua nyembamba, nimesimama mlangoni kama kawaida yangu, nikaona mtu anatoka penye ukuta. Anakuja. Miguu ya Aba ilikuwa mibovu tangu safari, alitembea akishika kuta za nyumba za watu, akipumzika, akitembea. Sikumwendea. Niliogopa nikisogea atageuka. Nilisimama pale pale nikamtazama anavyokua mkubwa, mpaka akafika mlangoni, amelowa chapachapa.

Hakuingia. Alikaa kwenye kizingiti, mgongo wake kwangu, anatazama kule alikotoka.

"Ulisemaje?" akauliza.

"Nilisemaje nini?"

"Siku ile. Lilitokaje? Lilikuja lenyewe, au ulilitafuta?"

"Lilikuja lenyewe," nikasema. "Lilikuwepo tu."

Akatikisa kichwa. Maji yanamtiririka mabegani.

"Siku ile ya kwanza ulipokwenda sokoni," akasema, "niliamka kabla yako. Nilikwenda nyuma ya ukuta. Nilisema, ngoja nijaribu kwanza mwenyewe, kwa sauti ndogo, nione. Labda nami niende. Nikafungua mdomo. Hakuna kitu, Melita."

"Kivipi hakuna kitu?"

"Halipo. Jina lake. Nimelitafuta usiku na mchana tangu siku ile. Mikono yake naiona. Kikohozi chake nakisikia. Jina halipo. Sikulisema hata mara moja, hata moyoni sikulisema, nilikuwa mwanamke wa kiapo mimi. Na sasa limekwenda."

Nilikaa chini kando yake. Nami nilikuwa wa mtaa mwingine, sikuwahi kumsikia yule mtia rangi akiitwa hata mara moja.

"Ulipolisema la wako," akasema Aba, "nilimsikia mtangazaji mpaka kule kwenye mikeka. Mara tatu. Nilikuchukia, mdogo wangu. Nilikuchukia kwa sababu wewe unalo."

Nikamshika mkono. Ulikuwa baridi kama samaki. Nikamwingiza ndani, nikamvua nguo zilizolowa, nikamfunika sufu, nikaweka chungu motoni. Dengu na vitunguu. Nikapakua katika lile bakuli letu la mashariki. Akalitazama bila kuligusa.

"Eudemo anasema vipo viwanja vimebaki upande wa kusini," nikasema. "Tukilipata jina, bado anaweza kumwandika. Haya, tutafute. Lilianzaje?"

"Sijui."

"Lisania?"

"Hapana."

"Antileo?"

"Huyo alikuwa jirani yetu. Mwizi wa kuku."

"Karopino? Egesandro? Evangelo?"

"Hapana. Hapana. Lilikuwa fupi. Au refu. Sijui, Melita, usinichoshe."

"Trasoni?"

Akafumba macho. Aliyafumba muda mrefu nikadhani tumelipata. Kisha akatikisa kichwa.

Nikachoka mimi kabla yake. Nikasema, "Aba, tuchague moja zuri. Twende kesho kwa Eudemo tukaseme ndilo. Nani atatubishia? Nani amebaki wa kutubishia?"

"Yeye," akasema Aba.

Nikalisogeza bakuli karibu na mkono wake. Alikaa kidogo, kisha akachovya mkate, akala, nami nikachovya upande wangu. Mvua ikaendelea. Nikarudia tena kutaja majina, ya wanaume wote wa Mileto niliyowahi kuyasikia, wa sokoni, wa bandarini, wa hekaluni, na baada ya kila jina Aba alisema, hapana, taja lingine.